Kijana Asiyepita Masomoni Katika Nyumba ya Mungu

SOMO KWA VIJANA NA WAZAZI

Tusome kwanza: Amosi 7:14-15, 2 Wafalme 5:1-5, Luka 16:10-12, Matendo 4:13.

Neno la kushika: Kijana asiyejua kusoma si mtu mtupu. Akipata watu wanaompenda, atasema ukweli. Akisema ukweli, ataweza kushika amri. Akishika amri, kazi yake itamjenga yeye pamoja na Kanisa.

MWANZO



Katika parokia zetu kuna vijana wa miaka 14, 15 ao 17 ambao hawakupita masomoni, ao waliachia mwaka wa pili wa primeri. Tunawajua kwa mikono yao. Ndio wanaofika wa kwanza siku ya salongo, ndio wanaobeba viti, ndio wanaochota maji ya wageni. Lakini tukiulizwa mmoja wao anaitwa nani, analala kwa nani, na kwa nini hashiki kitabu cha nyimbo wakati wengine wanashika, wengi wetu tutanyamaza.

Tusiseme haraka kwamba ni wavivu. Katika miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu vizuri, wazazi ndio waliobeba mshahara wa mwalimu. Mtoto ambaye mzazi wake hakulipa alirudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Nyumba yenye watoto saba ilichagua wawili wa kusoma. Vita vya 1996 na vya 1998 vikawatoa watu wengi katika vijiji vyao. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba primeri ni ya lazima, na ya bure katika masomo ya Serikali. Lakini bure hiyo ilianza kutumika kweli tangu Septemba 2019. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati ule, na hakuwa bado kuanza, aliona mlango unafunguliwa mbele ya wadogo zake. Wengine waliingia. Wengine waliona haya kukaa benchi moja na watoto wa miaka 6, wakabaki inje.

Somo hili linauliza jambo moja: kijana wa namna hii anakua kwa njia gani mpaka awe mtu mzima katika nyumba ya Mungu? Jibu liko katika maneno matatu ambayo kila Mkimbangu anayajua toka utoto: Mapendo, Amri, Kazi. Tuangalie pia namna yanavyofuatana. Mara nyingi tunayageuza: tunamwanzisha kijana na kazi, kisha tunamtwika amri, na mapendo tunayaacha kwa siku nyingine. Ndiyo sababu wengi wanakuja na mikono yao, lakini hawakai.

I. MUNGU HAANZI NA CHETI

Amosi alisema mwenyewe kwamba hakuwa nabii wala mwana wa nabii. Alikuwa mchunga wa wanyama na mtunza miti ya mikuyu, na Bwana akamtwaa huko nyuma ya kundi. Kijakazi katika nyumba ya Naamani alikuwa mtoto aliyetekwa katika vita. Hakuna aliyemuuliza amesoma mpaka wapi. Lakini neno lake moja, alilolisema kwa huruma juu ya bwana wake mgonjwa, lilimfikisha mkubwa wa jeshi kwa nabii Elisha. Petro na Yoane waliposimama mbele ya baraza, wakubwa walishangaa kwa sababu waliona watu wasio na elimu wakisema kwa uhodari, kisha wakatambua kwamba walikuwa pamoja na Yesu.

Kanisa letu linajua jambo hili katika historia yake. Baba Simon Kimbangu alipokamatwa katika mwezi wa Septemba 1921, kazi ilibaki katika mikono ya Mama Muilu Marie. Kwa miaka 38 aliichunga katika siri na katika mateso, mpaka alipolala tarehe 27 Aprili 1959, miezi michache mbele ya Kanisa kukubaliwa na Serikali tarehe 24 Desemba 1959. Hakuongoza kwa diploma. Na wale waliohamishwa kwa nguvu kutoka Bas-Congo, wakapelekwa mbali mpaka Lowa na kwingine, wengi wao walikuwa watu wa jembe. Walibeba imani katika nyimbo walizozijua kwa moyo. Sisi wa upande huu wa inchi tunaosema Kiswahili tulipata Habari Njema pia kwa vinywa vya watu wa namna hiyo, na kwa Baba mwenyewe aliyekaa miaka 30 katika kifungo na kufa tarehe 12 Oktoba 1951 hapa Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi.

Lakini tusikie vizuri. Biblia haisifu ujinga. Musa alifundishwa elimu ya Wamisri (Matendo 7:22). Paulo, akiwa katika kifungo, aliomba aletewe vitabu (2 Timoteo 4:13). Baba Simon Kimbangu alijifunza kusoma katika misioni, naye akafundisha wengine. Kanisa lake lilifungua masomo, likaweka sahihi pamoja na Serikali katika mapatano ya mwaka 1977 juu ya masomo ya makanisa, likafungua masomo ya teolojia katika Kinshasa mwaka 1970, na universite inayobeba jina la Simon Kimbangu mwaka 1994. Basi kuna maneno mawili ya kushika pamoja. La kwanza: kijana asiyejua kusoma anaweza kutumiwa na Mungu leo, hivi alivyo. La pili: Kanisa lenye walimu wengi namna hii halina ruhusa ya kumwacha abaki hivyo.

II. MAPENDO: KUMWONDOLEA HAYA

Tutwae mfano wa kijana. Hatumtaji jina, kwa sababu si mtu mmoja. Ni mfano uliokusanywa kutoka kwa wengi. Ana miaka 15. Baba yake alikufa, akaletwa mjini kwa shangazi yake. Toka asubuhi anasukuma pusu-pusu katika soko la Kenya, Lubumbashi: magunia ya unga, makaa, vitunguu. Jioni anampa shangazi feza ya bukari. Siku ya Yenga anakuja kanisani kwa sababu ya fanfari, anasimama karibu na ngoma kubwa.

Katika kikundi cha vijana, Biblia inapita mkono kwa mkono, kila mmoja asome mstari wake. Biblia ikimkaribia, anasimama na kusema anatoka inje kidogo. Mara ya kwanza hakuna anayetambua. Mara ya pili wengine wanachekelea. Mara ya tatu hakuji tena.

Ndugu, hapo ndipo tunampoteza kijana. Hatumpotezi kwanza kwa pombe wala kwa bangi. Hayo yanakuja nyuma. Tunampoteza kwa haya. Mtu mwenye haya anatafuta mahali ambapo hawamuulizi asome kitu, na barabara iko tayari kumpokea saa yoyote.

Sasa tuseme kuna mama mmoja wa waimbaji mwenye macho ya kuona. Hasemi kitu mbele ya watu. Nyuma ya ibada anamwomba amsaidie kubeba vitabu mpaka kwenye sanduku, kisha anamuuliza: «Mwanangu, unaitwa nani? Mama yako yuko wapi?» Juma lingine anamuuliza tena habari ya shangazi yake. Nyuma ya majuma mengi tu ndipo anasema: «Mwanangu, usiogope. Herufi unazijua kidogo ao hapana?» Naye anajibu: «Hapana, mama. Sizijui.»

Neno lile «sizijui» ni neno kubwa. Kwa kijana wa miaka 15 ni gumu kuliko kubeba gunia. Ni ukweli wake wa kwanza mbele ya mkubwa, na ukweli huo haukutoka kwa kukaripiwa. Ulitoka kwa sababu mtu alimjua jina. Kwa hiyo tunasema mapendo yanatangulia amri. Hatuwezi kumdai mtoto asiseme uongo katika nyumba ambamo ukweli wake utachekwa.

Mapendo haya si kumpa shati la zamani na sabuni peke yake, ingawa shati na sabuni ni vizuri. Yana alama tatu:

Kwanza, kumjua kwa jina, na kujua nyumba anamolala.

Pili, kumsemesha pembeni. Bwana Yesu alifundisha kwamba hata ndugu aliyekosa aonywe kwanza mkiwa wawili tu (Matayo 18:15). Kama ni hivyo kwa kosa, je, si zaidi kwa jambo ambalo si kosa? Kutojua kusoma si zambi.

Tatu, kumpa nafasi anayoiweza. Wakati wa kikundi, asome mwenye kujitolea kusoma. Mwingine aseme kwa moyo yale aliyosikia, mwingine aombe, mwingine aeleze mfano wa maisha. Mara nyingi asiyesoma anasikiliza kuliko anayesoma, na atarudia hadisi yote bila kuacha neno.

III. AMRI: KUCHAGUA MAHALI HAKUNA ANAYEONA

Watu wengine wanafikiri asiyesoma hawezi kujua mema vizuri. Sivyo. Paulo anasema sheria imeandikwa ndani ya moyo hata kwa watu ambao hawakupewa maandiko (Waroma 2:14-15). Kijana wetu anajua Kanisa linakataza pombe, tumbako, bangi, dansi na kugombana. Makatazo hayo yanamsaidia sana, kwa sababu katika soko mambo hayo yanamngojea kila jioni. Lakini amri hazimaliziki kwa kukataa vitu hivyo. Zinapimwa zaidi katika mambo matatu yanayompata kijana wa kazi za mikono.

1. Mali ya mwingine. Mama mchuuzi amelipa magunia sita ya unga. Wapakizi wamekosea, wakaweka saba kwenye pusu-pusu. Kijana hajui kusoma, lakini saba anaijua. Gunia moja ni bukari ya siku nyingi kwa shangazi yake. Anarudi nalo depo. Mwenye depo anachukua gunia lake bila hata kumwambia aksanti, na nyumbani shangazi anakasirika. Tunaandika hivi kwa kusudi. Mara nyingi tunawafundisha watoto kwamba mwaminifu analipwa siku ileile, na wakikosa malipo wanafikiri Mungu amewadanganya. Luka 16:10 haisemi juu ya malipo ya haraka. Inasema mwaminifu katika kidogo ni mwaminifu katika kikubwa pia. Maana yake, gunia lile lilimfanya awe mtu wa namna fulani, na hali hiyo hakuna atakayemnyanganya.

2. Kazi ya usiku. Wanaume wawili wanamwambia: «Leta pusu-pusu yako saa tano ya usiku. Utapata feza ya siku tano. Usiulize kilicho chini ya bashi.» Hahitaji kujua herufi ili aelewe. Ni kamba za umeme zilizokatwa kwa sababu ya shaba iliyo ndani. Kamba zikikatwa, komini nzima inalala katika giza, hata wodi ya wanaozaa. Na polisi wakija, hawamkuti mnunuzi wa shaba. Wanamkuta msukuma pusu-pusu. Kijana anakataa. Lakini tujue kukataa huko kuna bei: wale watu wanamjua, wanajua njia anayopita. Kwa hiyo asikae na jambo hili peke yake. Amwambie mchungaji ao mkubwa wa vijana, na parokia itafute watu wa kumsindikiza jioni. Kama tunamhubiri kijana akatae, kisha tunamwacha atembee peke yake katika giza, tumempa amri bila mapendo.

3. Cheti cha uongo. Anasikia kwamba kampuni inatafuta walinzi, lakini inadai cheti cha primeri. Rafiki anajua mahali cheti kinatengenezwa kwa feza kidogo. Jambo la huzuni ni kwamba wakristo wengine watamshauri akinunue: «Mwanangu, kila mtu anafanya hivyo.» Tuseme wazi: cheti hicho ni uongo ulioandikwa, wenye kachet juu yake. Uongo wa namna hiyo unahitaji mwingine wa kuulinda. Siku mkubwa wake atakapompa buku la wageni aandike majina, haya yake itarudi mara mbili, na kazi itaondoka pamoja na jina lake. Ukweli aliomwambia mama wa waimbaji, «sizijui», ndio uleule anaoulinda hapa. Anapokataa cheti, anasema tena: sijui bado, ninajifunza. Kazi ile inamponyoka. Ni hasara ya kweli, na sisi tuliomfundisha tusiione kuwa ndogo. Tutaona hapa chini kwamba hasara hiyo inatudai sisi pia kitu.

IV. KAZI: MIKONO INAFUNDISHA KICHWA

Kila mmoja wetu aliyefika Nkamba Yerusalemu Mpya ameliona hekalu lile kubwa. Lilifunguliwa tarehe 6 Aprili 1981, miaka 60 kamili nyuma ya tarehe 6 Aprili 1921, siku kazi ya uponyaji ilipoanza. Waaminifu walilijenga kwa kujitolea. Walibeba mawe, mchanga na maji, wanawake na wanaume, wakubwa na watoto. Mwalimu alipita njia moja na asiyejua kusoma, kila mmoja na jiwe lake. Vilevile katika Nehemia sura ya 3, waliojenga ukuta wa Yerusalemu ni wafua zahabu, ni watengenezaji wa marashi, na binti za Shalumu walikuwamo.

Kazi ya namna hiyo ni masomo. Tuangalie kijana wetu. Kwanza anabeba viti. Kisha anapewa kuvichunga: vilivyotoka kwenda kwenye kilio ni vingapi, vilivyorudi ni vingapi? Anachora mistari kwa makaa kwenye ubao, mitano mitano. Siku viti vinarudi pungufu, ubao unasema, naye anakwenda kuvitafuta. Sasa anahesabu, na anajibu juu ya mali ya wote. Katika nsinsani anasikia feza ya kila kikundi ikitangazwa mbele ya watu, na anaelewa kwa nini hesabu ya Kanisa inasomwa kwa sauti. Katika fanfari anajifunza kufika saa, kungoja zamu yake, na kunyamaza wakati ngoma yake haitakiwi. Akiwekwa pamoja na walinzi kwenye mlango, anajifunza kumpokea mzee, kumwongoza mgeni, na kumtuliza mlevi bila kumpiga. Mwenye pusu-pusu ambaye watu wa soko walimwita «wewe, kuya hapa!» sasa anaitwa «kaka» na watoto wadogo. Heshima hiyo inamsimamisha.

Lakini kazi ya kujitolea ina mipaka, na wakubwa wa parokia waishike:

Kwanza, isile saa ya kujifunza kusoma, wala saa ya kutafuta bukari. Salongo ikiangukia saa ya darasa, darasa lipite mbele.

Pili, mzigo upimwe kwa umri. Mfuko wa simenti ni kilo 50. Si mzigo wa mtoto wa miaka 13, hata akisema anauweza.

Tatu, kazi iwe ya wote. Kama watoto wa wakubwa wa Kanisa wanakaa kwenye kivuli na simu zao wakati mtoto yatima anabeba mawe, somo analojifunza siku ile si la Kristo. Anajifunza kwamba hata nyumbani mwa Mungu kuna watoto na kuna watumishi.

V. DENI LA PAROKIA

Kijana amesema ukweli, amerudisha gunia, amekataa usiku, amekataa cheti, amechunga viti. Sisi tunamdai nini tena? Hakuna. Sasa yeye ndiye anatudai. Alikataa cheti cha uongo kwa sababu tulimfundisha. Basi tumsaidie kupata njia ya kweli. Mambo haya yanawezekana hata katika parokia masikini:

1. Tuwajue. Wakubwa wa vijana watembelee nyumba, wawili wawili, waandike nani hakupita masomoni na ana miaka mingapi. Orodha hiyo isisomwe mbele ya watu.

2. Walio na miaka kati ya 9 na 14. Kuna vituo vya kurudishia masomo vinavyosimamiwa na ofisi ya Serikali ya Mambo ya Jamii, ambamo miaka sita ya primeri inafundishwa kwa miaka mitatu. Mzazi na mkubwa mmoja wa parokia waende pamoja kuuliza kituo kilicho karibu.

3. Waliopita umri huo. Tufungue darasa la kusoma na kuandika katika parokia, jioni mbili kwa juma. Walimu tunao kati yetu, na wanafunzi wa sekondari pia. Inatosha ubao, chaki, na kaye moja kwa kila mtu. Wazazi wasiojua kusoma waje pia. Kijana akimwona mama wa miaka 50 na chaki mkononi, haya yake inapungua.

Namna ya kuanza: wiki ya kwanza, kila mmoja ajifunze kuandika jina lake mwenyewe. Kisha mtwae wimbo ambao wote wanaujua kwa moyo, muuandike kwenye ubao. Wauimbe polepole, na kidole kifuate maneno. Watafute neno «Yesu» kila mahali linapoonekana. Neno hilo lina herufi nne: Y, e, s, u. Kwa herufi hizo wataandika «yeye». Mkiongeza herufi moja tu, a, wataandika «yaya», «saa», «Esau». Hivyo wanasonga mbele toka wanachokijua mpaka wasichokijua, na hakuna anayejiona mjinga, kwa sababu wimbo tayari ni wake. Kwa hesabu, tumieni feza ya soko na viti vya parokia.

4. Ufundi. Tuna mafundi wa mbao, wa kushona, wa kusudua, wa kujenga. Kila fundi mwaminifu ampokee kijana mmoja. Mapatano yasemwe mbele ya mashahidi: atajifunza miezi mingapi, atajua kufanya nini mwishoni, atakula wapi. Bila mapatano, mwanafunzi anageuka mtumwa wa kufagia karakana.

5. Wadogo zake. Primeri ya Serikali ni bure. Mtoto wa miaka 6 katika nyumba ya mkristo aingie Septemba hii, hata kama yaya yake hakuingia. Yaya mwenyewe atakuwa wa kwanza kumsindikiza.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kijakazi wa Naamani alikuwa na sababu ya kumchukia bwana wake. Kwa nini alimtakia mema? Hii inatufundisha nini juu ya mtu ambaye hana masomo lakini ana moyo?

2. Katika kikundi chetu, tunafanya mambo gani yanayomtia haya asiyejua kusoma? Tubadilishe nini kuanzia juma hili?

3. Shangazi alikasirika kwa sababu ya gunia la unga lililorudishwa. Mungelimwambia nini, ninyi mukijua kwamba nyumbani kweli hakuna unga?

4. Kijana anayekataa kazi ya usiku anaogopa njia ya kurudi nyumbani. Nani katika parokia yetu anaweza kumsindikiza?

5. Mzazi anayemnunulia mtoto wake cheti cha uongo anasema anafanya hivyo kwa mapendo. Tutamjibu namna gani bila kumhukumu?

6. Siku ya salongo iliyopita, nani alibeba na nani alikaa?

MWISHO

Kijana unayesoma somo hili, ao unayesomewa na mwenzako: usingoje kujua kusoma ndipo uwe mwaminifu, wala usiseme kwamba uaminifu unatosha na kusoma si kwako. Sema ukweli wako kwa mkubwa mmoja unayemwamini. Tafuta kazi moja katika nyumba ya Mungu, uifanye vizuri hata kama hakuna anayekuangalia. Njoo darasani na kaye yako.

Na ninyi baba na mama: mbele ya kumpa mtoto wa mwenzenu kiti abebe, muulizeni jina lake. Tuombe Mungu atupe macho ya kuwaona, subira ya kuwafundisha, na nguvu ya kusimama pamoja nao siku ya jaribu.

Mapendo, Amri, Kazi. Amina.